Nati Iliyogoma Kufunguka



Ndugu msomaji, huenda ukastaajabu kumwona sheikh mzee, mwalimu wa chuo, anashika kalamu kuandika habari za nati na spana. Kazi yangu kwa zaidi ya miaka arobaini imekuwa kuwafundisha watoto wa Tanga kusoma, na katika umri huo wote sikuwahi kufungua hata gurudumu la baiskeli. Lakini mwenye kuzingatia hupata funzo hata katika kipande cha chuma kilichooza. Mimi la kwangu nimelipata nikiwa nimelala chali chini ya gari, kanzu nimeivua, vumbi jekundu limenijaa ndevuni, katika kijiji cha Endamarariek, wilaya ya Karatu, mbali sana na bahari niliyozaliwa kando yake.

Nianze na asili ya mambo, maana bila ya asili hutafahamu kwa nini mzee wa miaka sitini na minne alikuwa chini ya gari.

Ninaye kijana wangu, wa pili kuzaliwa. Nilitaka arithi chuo changu. Sauti alikuwa nayo, na kichwa chepesi alikuwa nacho, lakini moyo wake ulikuwa kwenye magari. Mwaka 2011, sebuleni kwangu, mbele ya wageni, aliniambia kwamba harudi tena darasani, kwa kuwa amepata kazi ya utingo katika lori liendalo Arusha. Niliona amenivunjia heshima. Nikamwambia, mbele ya watu wale wale, kwamba akitoka katika mlango ule asiurudie. Akatoka, na hakuurudia.

Mama yake alinisihi kwa miaka sita. Kila aliponisihi, jibu langu lilikuwa moja: aje yeye kwanza, mimi ndiye baba. Mwaka 2017 mama huyo alifariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kijana alikuja mazikoni. Alibeba jeneza, akatia mchanga, tukapeana mikono kama wapeanavyo watu wasiojuana, na kabla ya kusomwa hitima alikuwa ameshaondoka. Miaka mingine mitano ikapita. Mwezi wa Juni mwaka 2022 ilinifikia picha ya mjukuu ambaye sijapata kumwona, na uso wake ulikuwa ule ule wa marehemu bibi yake. Nikafunga safari.

Ukitoka Arusha kwenda huko, unaiacha barabara kuu ya Dodoma pale Makuyuni, unapita Mto wa Mbu, kisha gari linapanda ukuta wa Bonde la Ufa na Ziwa Manyara unaliona limelala chini yako. Kutoka Karatu mjini hadi Endamarariek njia ni ya udongo, na udongo wenyewe ni mwekundu kama hina. Kwa sisi watu wa pwani baridi ya mwezi wa Juni kule si ya mchezo. Majirani wengi ni Wairaqw, watu wa kilimo na mifugo, wenye staha kwa mgeni. Mwanangu ameoa huko huko binti wa Kiislamu, amejenga nyumba ya matofali, na riziki yake ni Land Rover kongwe ambayo hubebea mahindi na mbaazi kupeleka Karatu, na wakati wa mavuno hushuka nayo Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, kupakia vitunguu.

Alinipokea kwa adabu. Aliniamkia, akanipa kitanda chake, akanitilia maji ya kutawadha. Lakini maneno yalikuwa machache, na kila mmoja wetu alichagua la kusema kama mtu anayechagua mahali pa kukanyaga gizani.

Asubuhi ya pili aliniambia hana budi kulala chini ya gari. Pale bomba la moshi linapoungana na injini pana gasketi, na gasketi ile ilikuwa imeungua. Moshi ulikuwa unavuja na kuingia mahali wanapokaa abiria. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba, na kila akipelekwa kliniki Karatu hurudi kichwa kinamuuma na moyo umemchafuka. Hapa, ndugu msomaji, sitaki upite haraka. Katika moshi wa gari mna hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na hushika nafasi ya hewa safi ndani ya damu ya mtu. Humlaza mtu usingizi asiamke, na aliye tumboni huathirika pamoja na mama yake. Ukiona watu wanaumwa kichwa kila wapandapo gari lako, usiseme ni uchovu wa safari. Litazame bomba la moshi.

Basi ilibidi bomba lile lifunguliwe, na lilishikwa na nati tatu. Gari lenyewe lilikuwa la pwani kama mimi. Mwanangu alilinunua kwa mtu wa Pangani aliyekuwa akilitumia kubebea samaki, likishinda ufukweni na kulala ufukweni. Hapana asiyejua kwetu uadui wa chuma na maji ya chumvi. Wazee wa Lamu walikuwa wakiunda mitepe kwa kuzishona mbao kwa kamba za nazi, bila ya msumari hata mmoja. Nati zile tatu zilikuwa zimekula chumvi miaka mingi, na moto wa injini ukazioka juu yake, hata usingeweza kujua nati inaishia wapi na bolti inaanzia wapi.

Mwanangu aliinua gari kwa jeki, kisha akaweka magogo mawili mazito chini ya chesisi. Nikamuuliza, "Kwani jeki haitoshi?" Akasema, "Baba, jeki ni ya kuinulia. Haiaminiki kulala chini yake." Neno hilo pia lichukue, wewe unayetengeneza gari nyumbani. Akaisugua kila nati kwa brashi ya waya, akaitia mafuta, akakaa kitako.

Nikangoja. Zikapita dakika kumi, ishirini. Mimi ni mtu niliyezoea kuamrisha, na mbele yangu daima wamekaa watu wadogo. Nikaona kijana huyu anachezea wakati. Nikamwambia, "Nipe mimi." Akasema kwa upole, "Baba, bado." Nikasema tena, "Nipe." Akanipa.

Nikachukua spana kwenye sanduku lake. Spana zake zilikuwa za milimita, za magari ya Kijapani, na nati hii ilikuwa ya vipimo vya Kiingereza, nusu inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7. Nikatia spana ya 13, ikaingia, lakini ilikuwa na nafasi ndogo. Nafasi ndogo hiyo ndiyo inayokula pembe za nati. Nikakaza mkono, spana ikateleza, na vidole vyangu vikagonga chesisi vikatoka damu. Ghadhabu ikanipanda. Nikaichukua ile spana ya kupanua na kubana, ambayo mafundi wameipa jina la aibu nisiloweza kuliandika katika jarida hili, nikaibana kwa nguvu zangu zote, nikachomeka na bomba la chuma kwenye mpini wake ili nipate nguvu zaidi, nikavuta.

Ikazunguka. Nikafurahi kwa muda wa kupepesa jicho. Kisha nikasikia mlio mdogo, "tak", na nati ikabaki mkononi mwangu na kipande cha bolti ndani yake. Nusu ya pili ilibaki imezama ndani ya chuma cha injini.

Nakuambia kweli, nilitamani ardhi ipasuke. Kosa lile maana yake ni fundi wa Karatu, mashine ya kutobolea, fedha na siku, kwa kijana ambaye hakunialika. Nikamtazama nikingoja maneno. Lau ningekuwa yeye, na yeye akawa mimi, nayajua maneno ambayo ningemwambia. Mwanangu aliitazama bolti iliyokatika, akakitazama kidole changu, akaenda ndani akaleta maji na kitambaa. Akanifunga jeraha. Akasema, "Haidhuru, Baba. Zimebaki mbili."

Tangu hapo mimi nilikuwa mwanafunzi. Nitakueleza nilichofundishwa, kwani huenda na wewe ukakihitaji.

Kwanza, kutu si uchafu uliokaa juu ya chuma. Kutu ni chuma chenyewe kilichogeuka kwa maji na hewa, na chumvi huharakisha kazi hiyo. Nacho kikigeuka huvimba, kikachukua nafasi kubwa kuliko ilivyokuwa awali. Zile hesi, yaani mistari ya mzunguko ndani ya nati na juu ya bolti, zina upenyo mwembamba baina yake, na kutu huujaza upenyo huo mpaka vitu viwili vikawa kama kimoja. Haikutokea siku moja, basi hutaiondoa kwa dakika moja.

Pili, ujue upande wa kufungulia. Nati nyingi hufunguka kwa kuzungushwa kinyume cha mshale wa saa, lakini yako malori ambayo nati za magurudumu ya upande wa kushoto zimechongwa kinyume chake. Asiyejua huvuta kwa nguvu zake zote akidhani anafungua, kumbe anakaza.

Tatu, utumie spana inayoitosha nati hasa, na bora ni ile ya ringi yenye kushika pembe zote sita. Mwanangu alikwenda kwa jirani mzee aliyewahi kuendesha trekta la mashamba ya ngano, akaazima spana ya nusu inchi. Iliingia kama pete kidoleni.

Nne, mafuta membamba na muda. Mafuta mazito hayapenyi. Yeye alichanganya mafuta ya taa na oili kidogo, akatia matone machache, akagonga ubavu wa nati kwa nyundo ndogo, taratibu, ili mtikisiko uifungulie njia ile oili. Akaacha. Jioni akatia tena. Haya yote injini ikiwa imepoa kabisa, maana mafuta ya taa yakigusa bomba lenye moto yanaweza kuwaka, na aliye chini ya gari hana pa kukimbilia.

Usiku ule hatukuwa na la kufanya ila kungoja, na kungoja huzaa mazungumzo. Tulikaa jikoni karibu na moto. Akanieleza safari zake za Mang'ola, na jinsi wahunzi wa Kidatoga wa upande ule wa Ziwa Eyasi wanavyofua vichwa vya mishale kwa misumari na vyuma vikuukuu. Hupuliza mkaa kwa viriba vya ngozi mpaka chuma kiwe chekundu, ndipo nyundo ishuke. Akasema, "Sijaona mmoja wao akikipiga chuma baridi." Hakukusudia kunisema. Lakini nilikumbuka sebule yangu ya mwaka 2011, na kijana wa miaka ishirini amesimama mbele ya wageni, na neno langu lilivyoshuka juu yake baridi kabisa.

Asubuhi alitia spana, nami nikashika tochi. Nikamwona anavuta upande wa kukaza. Nikasema, "Mwanangu, huko siko." Akasema, "Najua, Baba. Nati iliyogoma huanza kwa kukazwa kidogo, kidogo sana, ili kutu ipasuke. Kisha unairudisha. Ukitaka ije kwako moja kwa moja, inakatika." Akakaza upana wa unywele, akarudisha. Akatia tone la mafuta. Akakaza, akarudisha. Mara ya saba au ya nane nati ikalia kama mlango mkongwe, ikasogea robo ya mzunguko. Hakuikimbilia. Ilipoanza kuwa nzito aliirudisha nyuma tena, akatia mafuta, akaiacha ipumzike.

Nilikuwa nimelala pale, tochi mkononi, nikajua kwamba miaka kumi na moja nimekuwa nikivuta upande mmoja tu. Aje yeye kwanza. Mimi ndiye baba. Sikuwahi hata siku moja kwenda upana wa unywele upande wake.

Nikasema, "Mwanangu, neno lile la sebuleni lilikuwa kosa langu. Nilisema kwa ghadhabu, tena mbele ya watu. Unisamehe."

Hakunijibu. Alifuta spana kwa kitambaa, muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akasema, "Mama amekufa hajaliona hili."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Alisema haki. Nikabaki kimya, nikaendelea kumulika. Baada ya kitambo akasema, "Baba, sogeza taa kidogo, hapa." Nikasogeza. Nati ya kwanza ikatoka nzima, na bolti yake nzima. Ya pili ilitukalisha mpaka baada ya adhuhuri ya siku iliyofuata.

Ndugu msomaji, wako watakaosema kwamba sheikh amejishusha, kwani baba hamwombi radhi mtoto. Haki ya mzazi ni kubwa, na mimi nimeifundisha maisha yangu yote. Lakini haki hiyo haimgeuzi mzazi kuwa mtu asiyekosea. Sote tunaijua habari ya yule bedui aliyekojoa msikitini, na masahaba wakamwinukia, na Mtume wetu (S.A.W.) akawazuia, akamwacha amalize, akaamrisha maji yamwagwe, kisha akamfundisha kwa upole. Nimeisimulia habari hiyo darasani mara nyingi sana. Sikuisimulia hata mara moja kwangu mwenyewe.

Limebaki jambo moja, nalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Siku ya kurudisha bomba na gasketi mpya, mwanangu hakutumia tena nati za chuma. Alinunua Karatu nati za shaba ya manjano, kwani shaba haishikani na bolti ya chuma kama chuma kinavyoshikana na mwenzake kwa kutu. Akasafisha hesi, akapaka grisi maalumu ya kustahimili moto, akakaza kwa kiasi, bila kuning'inia kwenye spana. Nikamuuliza, "Mbona hukazi sana?" Akasema, "Baba, iko siku mtu ataifungua. Huenda ni mimi, huenda ni mwingine. Aliyezifunga zile za kwanza hakumfikiria."

Hilo ndilo ninalotaka ulichukue nyumbani kwako. Sisi sote tuna siku za kufunga. Baba humfungia mtoto mlango. Ndugu humkatia ndugu mguu kwa ajili ya shamba la urithi. Mke na mume huachana. Jirani huacha kuamkiana na jirani kwa ajili ya mbuzi. Pengine kufunga kuna sababu yake. Lakini jinsi unavyofunga ni hiari yako. Ukifunga kwa matusi, mbele ya watu, kwa kiapo, umekaza chuma kikavu juu ya chuma kikavu na umekiacha mvuani. Ukifunga kwa staha, kwa neno la kiasi, ukabakisha salamu, umeipaka ile nati grisi. Iko siku utataka kuifungua, na siku hiyo nguvu zako zitakuwa zimepungua.

Ile bolti niliyoivunja mimi ilitobolewa na fundi wa Karatu, ikatiwa nyingine nene kidogo. Inashika, na moshi hauvuji tena. Mkwe wangu alijifungua salama mtoto wa kike, wakampa jina la bibi yake. Lakini bolti ya asili haikurudi, na kila nikiikumbuka namkumbuka marehemu, ambaye alinisihi kwa miaka sita kwa kazi ya siku tatu.

Idi ya mwaka uliofuata nilisikia hodi. Nilimkuta amesimama nje ya kizingiti na mkewe na watoto wawili, hakuvuka. Nikafahamu anangoja nini. Nikatoka nje mimi, nikamshika mkono, tukaingia pamoja.

Basi ikiwa iko nati nyumbani kwako iliyogoma, anza leo kuitia mafuta, na sogea wewe kwanza, japo upana wa unywele. Mwenyezi Mungu atupe subira kabla hatujavunja, na atusamehe tuliyokwisha kuyavunja. Amin.